Paka mchanga: ni mchezo au ni ugonjwa?

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa wa afya umeacha malaria na kuhara ukazungumzia paka. Tunayo sababu. Hapa Lalago, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Maswa na Bariadi, paka si pambo la nyumba, ni mlinzi wa chakula. Mwenye magunia ya mahindi, mtama au choroko ndani anaijua vizuri hasara ya panya. Ndiyo maana paka wa jirani akizaa tu, watu huwahi kupeleka maombi: "Mmoja ni wangu." Mtoto huyo wa paka huletwa nyumbani ndani ya kikapu akiwa bado mdogo, na walezi wake wakuu si baba wala mama, ni watoto. Wanalala naye, wanamlisha kwa mkono, wanamvuta mkia. Basi paka akipatwa na jambo, watoto ndio wa kwanza kukwaruzwa, kuumwa au kuambukizwa.

Katika kazi yetu tumekutana na watu wa aina mbili. Mama mmoja alitujia asubuhi na mapema, amemfunga mtoto wa paka ndani ya kitenge. Alisema paka ameshikwa na degedege usiku kucha. Tulimfungua, tukamkuta amelala fofofo, sharubu zinachezacheza na vidole vinatetemeka. Tulimgusa, akaamka, akajinyoosha, akatafuta chakula. Hakuwa na ugonjwa wowote. Tulicheka pamoja na mama yule, akarudi zake nyumbani.

Mwezi uleule baba mmoja alimleta binti yake wa miaka saba, mkono umefungwa kitambaa chenye majani yaliyopondwa ndani. Aliumwa na paka mdogo wa nyumbani siku nne kabla. Paka huyo alikuwa mpole, kisha kwa siku mbili akajificha chini ya kitanda, akakataa chakula, halafu akatoka ghafla na kumrukia binti, akang'ang'ania mkono wake mpaka walipomwondoa kwa fimbo. Baba alituambia, "Sista, ni mtoto wa paka tu. Nimemleta kwa sababu mkono umevimba." Yule mama aliogopa pasipo na hatari, na baba huyu hakuogopa palipokuwa na hatari kubwa. Habari za binti tutazirudia.

Siku za mwanzo

Paka hubeba mimba kwa wiki tisa hivi. Watoto wake huzaliwa vipofu na viziwi, kila mmoja ana uzito wa gramu 100 hivi, sawa na mayai mawili ya kuku. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Usiyafungue kwa kidole wala kwa maziwa ya mama. Yakifunguka yote huwa na rangi ya buluu, nayo hubadilika baadaye. Si mtoto wa jicho. Katika siku hizo kazi yao ni kunyonya na kulala. Mama yao huwalamba tumbo na makalio ili wapate haja, kwa sababu bado hawawezi wenyewe. Hulala wamerundikana kwa kuwa miili yao haijaweza kujitunzia joto.

Mama paka akiwabeba watoto kwa meno shingoni na kuwahamisha kutoka chini ya kitanda hadi nyuma ya magunia, hataki kuwala. Anakimbia kelele, siafu, au mikono mingi ya watoto wetu. Waambieni wampe nafasi.

Kutetemeka usingizini, kama kwa yule paka wa kitengeni, ni kawaida. Ubongo unakua na misuli inajizoeza. Namna ya kupambanua ni rahisi: mguse. Anayeota ataamka na kuwa yeye yuleyule. Mwenye degedege haamki ukimgusa. Mwili hukakamaa, povu hutoka, na pengine hujikojolea.

Umri nao una maana yake. Wiki ya tatu mtoto wa paka huanza kutembea akiyumba kama mlevi, naye huanguka kila hatua. Hilo ni jambo la kufurahia. Lakini paka wa wiki nane aliyekuwa akiruka juu ya magunia, kisha leo anayumba na kuburuta miguu ya nyuma, huyo ni mgonjwa, tena ni mgonjwa wa kuogopwa. Dalili ni ileile, maana zake ni mbili. Kwa hiyo anayetaka kumjua paka wake ajiulize kwanza: jana alikuwaje?

Mchezo

Kuanzia wiki ya nne paka wachanga huingia katika michezo, na hapa ndipo wazazi wengi hupata mashaka. Hurukiana, hung'atana masikio, hukimbia kiubavu wamekunja mgongo kama upinde na mkia umevimba, hujificha nyuma ya ndoo na kurukia miguu ya mpita njia. Jioni na alfajiri hukimbia huku na huko kana kwamba wamepagawa. Hizo ndizo saa za kuwinda, nao wanajifunza kazi yao. Wakiona ndege juu ya mti hugonganisha meno. Wakipakatwa hukanda nguo kwa miguu ya mbele kama mtu anayekanda unga wa chapati, jambo walilozoea tangu walipokuwa wakikanda ziwa la mama yao ili maziwa yatoke.

Paka mchanga aliyeletwa jana hulia usiku kucha. Anamtafuta mama yake na ndugu zake, wala hakutumwa na mtu. Tunaandika hivi kwa makusudi, maana maneno ya namna hiyo yamewahi kuwaponza bibi zetu wasio na kosa lolote. Mpe kikapu chenye kitambaa kikuukuu, umweke mahali penye joto, na baada ya siku chache atanyamaza.

Mchezo una alama zake. Kucha mara nyingi huwa zimefichwa, meno hushika na kuachia, na ukimtupia gunzi la mahindi huacha mkono wako akafuata gunzi. Akichoka hulala, akiamka hula. Paka anayeng'ata kwa nguvu kupita kiasi mara nyingi aliachishwa mapema mno. Ndugu zake ndio humfundisha, kwa kumlilia na kuacha kucheza naye, kwamba meno yanaumiza. Hivyo tusiwachukue kabla ya wiki nane. Na watoto wetu wasifanye mikono yao kuwa kitu cha kuchezea. Gunzi lililofungwa kamba linatosha, tena ni la bure.

Yanayotakiwa kututia wasiwasi

Kwa paka wa siku chache, hatari kubwa ni baridi na njaa. Aliyeshiba hulala kimya. Anayelia bila kukoma, au aliyetengwa pembeni, mwili wa baridi na mdomo hauna nguvu ya kunyonya, anaweza kufa siku hiyohiyo. Mpashe joto kwanza kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, ndipo umrudishe kwa mama. Usimnyweshe kitu akiwa bado wa baridi. Kama mama amekufa, tafuta kijijini paka mwingine anayenyonyesha. Mara nyingi hukubali mtoto wa kambo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha.

Paka aliyeanza kula asilishwe ugali mtupu. Yeye si kuku. Bila dagaa, samaki au nyama hudhoofika, na hata macho na moyo wake huharibika.

Mtazame ufizi. Ufizi mzima una rangi ya waridi. Ukiwa mweupe kama karatasi, amenyonywa damu na viroboto au minyoo, kama mtoto mwenye safura. Akihara na kutapika, vuta ngozi ya shingoni kidogo na uiachie, kama tunavyofanya kwa tumbo la mtoto kliniki. Ikikawia kurudi, amepungukiwa maji. Tongotongo zinazogandisha macho pamoja na mafua ni ugonjwa, wala si uchafu wa kupanguswa tu. Mabaka ya duara yasiyo na manyoya ni choa, nacho humwambukiza mtoto anayempakata. Tukimkuta mtoto ana mapunye kichwani, siku hizi huwa tunauliza pia kama nyumbani kuna paka mdogo.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita nyumbani kwetu palikuwa na watoto watatu wa paka waliojaa viroboto. Tulichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, tukaichanganya na maji mengi, tukawaogesha. Saa mbili baadaye walianza kutoa udenda, masikio yakachezacheza, kisha mwili mzima ukatetemeka. Wawili walikufa kabla ya jua kuzama. Baadaye tulijifunza kwamba dawa nyingi za kupe na za kupulizia pamba zina sumu ya jamii ya pairetroidi. Ng'ombe huihimili, lakini ini la paka haliwezi kuiondoa mwilini. Wakati wa kupulizia pamba makopo ya dawa huwa karibu, na kishawishi ni kikubwa. Usimguse paka kwa dawa hiyo hata tone. Chanuo lenye meno ya karibu na maji ya sabuni ya uvuguvugu, kisha kumkausha vizuri, hufanya kazi hiyo pasipo hatari.

Vilevile usimpe panado. Kidonge kimoja tu kinatosha kumuua paka mkubwa, licha ya mchanga. Tunalisema hili kwa sababu mtu mwenye huruma humpa mnyama dawa aliyompa mwanawe. Na anayetega panya kwa sumu ajue kwamba paka hula panya aliyelewa sumu.

Kichaa cha mbwa kwa paka

Jina la ugonjwa huu linatupoteza. Kwa kuwa unaitwa kichaa cha mbwa, watu hudhani paka hahusiki. Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliumwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani. Lakini paka aliyeumwa na mbwa, mbweha au nguchiro huupata na huuambukiza kwa mate yake sawasawa na mbwa. Sisi tunaishi karibu na mapori ya Serengeti na Maswa, na mbwa wetu huzurura na kukutana na wanyama hao.

Paka mwenye kichaa hubadilika tabia. Hii ndiyo alama ya kwanza, tena hutangulia udenda na povu wanalosubiri wengi. Mpole hujificha gizani, au huwa mkali. Paka wa porini asiyezoea watu huja mwenyewe mpaka mlangoni. Sauti hubadilika na kuwa nzito. Macho hutoka. Hushambulia bila kuchokozwa na hang'atui, wala gunzi halimgeuzi. Kisha taya hulegea, udenda hutoka, miguu ya nyuma hushindwa, naye hufa baada ya siku chache, kwa kawaida zisizozidi kumi.

Mtaona kwamba sumu ya dawa ya pamba nayo huleta udenda na kutetemeka. Nyumbani huwezi kupambanua. Kwa hiyo usimfungue mdomo kutafuta mfupa uliokwama, kosa ambalo watu wengi hulifanya. Mfunike kwa beseni au tenga zito, weka jiwe juu, waondoe watoto, umwite afisa mifugo. Akifa, usimzike wala kumtupa kabla afisa hajaarifiwa, kwa maana ubongo wake unaweza kupimwa katika maabara ya mifugo. Usimshike kwa mikono mitupu.

Akikuuma

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa kata au jagi, mwingine aoshe. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyofikiri. Madumu mawili yanaweza kwisha. Virusi vya kichaa hufa kwa sabuni, na kuosha huku ni nusu ya tiba. Msipake majani, tumbaku, kinyesi cha ng'ombe wala maji ya betri. Msibandike jiwe jeusi la nyoka. Jeraha lisishonwe haraka wala lisifungwe kwa kubanwa.

Kisha nendeni kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko mdogo. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Nje unaona tundu dogo, ndani yameingia mbali, na mkono unaweza kuvimba na kutunga usaha kabla ya siku ya pili. Mtahitaji dawa ya kuua vijidudu, chanjo ya pepopunda, na paka akishukiwa, chanjo ya kichaa. Jeraha lililotoka damu huhitaji pia sindano ya kinga inayochomwa palepale kwenye jeraha, inapopatikana. Wazee wetu wanakumbuka sindano nyingi za tumboni. Hizo zimepitwa na wakati. Sasa huchomwa begani, chache, kwa tarehe maalumu, na kila tarehe lazima itimizwe. Kama dawa haipo kituoni, ulizeni hapo hapo ilipo karibu, msirudi nyumbani kusubiri.

Paka akiwa hai na anaonekana mzima, afungiwe na kuangaliwa siku kumi. Lakini chanjo ya mtu isingoje siku hizo. Akibaki mzima mpaka siku ya kumi, mganga ataamua kama chanjo isimamishwe.

Tunasisitiza kwa sababu ugonjwa huu hauna njia ya kurudi. Huweza kukaa kimya mwilini kwa wiki kadhaa, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, na pengine mwaka. Wakati huo wote chanjo inaweza kuokoa. Dalili zikishaanza, tiba haipo. Tuliowahi kumuuguza mgonjwa wa namna hiyo wodini hatumsahau: ana kiu, anaomba maji, na kikombe kikiletwa koo linakaza na mwili wote unaruka kwa hofu.

Yule binti alikuwa amechelewa siku nne, lakini hakuwa amechelewa mno. Tulimwosha upya, tukamwanzishia chanjo. Paka alikwisha kuuawa na kutupwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kupima wala kuangalia, na ilitubidi tuchukulie kwamba alikuwa na kichaa. Baba alikuja naye kila tarehe, wakati mwingine kwa baiskeli kwenye matope ya masika. Kaka yake aliyemlisha paka huyo kwa mkono naye alichanjwa, kwa kuwa alikuwa na mikwaruzo vidoleni. Wote wawili walirudi shule.

Swali la mama mjamzito

Kina mama wengi hutuuliza kliniki kama mjamzito amfukuze paka. Hapana. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplazma ambacho paka, hasa mchanga anayeanza kuwinda, hukitoa katika kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi. Kikimwingia mjamzito kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kinyesi hicho huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Basi kiondolewe kila siku na mtu mwingine, mjamzito anawe mikono baada ya kushika udongo wa bustani, mboga zioshwe, na nyama iive vizuri. Nyama isiyoiva huleta toksoplazma kama paka, au hata zaidi. Mchanga wa kuchezea watoto ufunikwe usiku, maana paka huupenda kwa haja zake, na mayai ya minyoo hubaki humo.

Chanjo ya paka

Paka huchanjwa kichaa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kama afisa mifugo atakavyoelekeza, mara nyingi kila mwaka. Wilayani Serengeti, kampeni ya kuchanja mbwa vijijini iliyoanza mwaka 1996 ilipunguza sana ugonjwa kwa mbwa na idadi ya watu waliofika hospitalini kwa kuumwa. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa ugonjwa hukatika. Kwa hiyo paka wako hulindwa pia na chanjo ya mbwa wa jirani.

Tangazo la chanjo likitolewa, watu huleta mbwa kwa kamba na kuwaacha paka nyumbani kwa sababu hawashikiki. Mtieni paka ndani ya gunia safi la katani au kikapu chenye kifuniko asubuhi kabla hajatoka kuwinda, na abebwe na mtu mzima, si mtoto. Ombeni cheti chenye tarehe, mkitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto. Mtu akiumwa, njooni nacho.